Mliosoma vyuo vya wamonaki, tupeane uzoefu wa yule padre wa saa nane usiku

Wakuu habari zenu. Juzi nimekutana na jamaa niliyesoma naye chuo Peramiho, tukakaa tukaanza stori za zamani, soda haijafika nusu akaniuliza "hivi yule padre hajastaafu tu?" Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Kwa wasiojua, Peramiho iko kama km 24 kutoka Songea mjini, ni abasia, yaani makao ya wamonaki, watawa wa Kikatoliki wa shirika la Wabenediktini, kuna kanisa kubwa la 1948, hospitali, shule, karakana, yaani mji kabisa. Na sisi tulivyofika tu mwaka wa kwanza tukapewa sheria na waliotutangulia: kuna padre mzungu mrefu, kanzu nyeupe, anatokea upande wa makaburi anapita nyuma ya mabweni kwenda kanisani, saa nane kamili usiku. Ukikutana naye sema "Tumsifu Yesu Kristu". Akiitika "milele amina" ujue ni mtu, endelea na safari yako. Akinyamaza, kimbia na usigeuke nyuma.

Mimi nilimkuta mwezi wa saba, mnajua baridi ya Songea mwezi wa saba ilivyo na ukungu wake, nimetoka chooni na ndala nikaona kitu cheupe kinakuja taratibu wala hakina haraka. Nikasalimia. Kimya. Nikasalimia tena kwa sauti ya kulia. Kimya, kikapita kama hatua tatu kutoka nilipo. Wakuu nilikimbia nikatumbukia kwenye bustani ya kabichi, ndala moja mpaka leo sijaiona. Huyu jamaa yangu wa juzi yeye alimkuta muhula uliofuata, akasalimia akaitikiwa vizuri tu, akarudi kulala kama mtoto. Nilimwonea wivu sana.

Haya na nyie leteni zenu.

Mama Kanga: Mimi nilisoma unesi kwa masista, siseme wapi. Zamu ya usiku tulikuwa tunasikia viatu koridoni, ko ko ko, vinafika mlango wa wodi vinasimama. Unatoka na tochi, hamna mtu. Nikamwambia sista mmoja mzee akasema mwanangu ni mabati yanapoa usiku, yanalia. Sawa nikakubali, ila bati linalia ko ko ko halafu linasimama mlangoni?

Mzawa wa Ungoni: Hapo kwenu kuna mambo mnayapita juu juu. Ile misheni ilianzishwa 1898, na kabla hata ya Majimaji padre mmoja alichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi (chifu) Mputa. Mahoka ni mizimu ya wazee kwa Wangoni, siyo kitu cha kuchezea. 1905 misheni nayo ikachomwa, halafu tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu wakanyongwa pale Songea, Mputa akiwemo. Bibi yangu alikuwa anasema kama kuna mtu anatembea usiku pale, kwa nini mnadhani ni mzungu? Mzungu ana kaburi lake lenye msalaba na jina, kalala vizuri. Hilo swali sijawahi kulijibu.

Fundi seremala: Mkuu hapo juu umenena. Ila sisi tuliambiwa ni Askofu Cassian Spiss mwenyewe, yule mwanzilishi aliyeuawa 1905 upande wa Liwale na mabruda wawili na masista wawili. Sasa nikawa najiuliza mtu kafia Liwale huko, atembee pori lote lile kuja kutisha wanafunzi wa ufundi?

Popo wa Pwani: Bagamoyo, tulienda ziara ya shule tukalala karibu na misheni ya zamani, mwalimu katuonyesha ule mnara ambako mwili wa Livingstone uliletwa 1874 kabla haujapelekwa Uingereza. Usiku hakuna aliyelala. Kilichopiga kelele kumbe bundi. Stori yangu imeisha, samahani.

Mzee wa Barafu: Niko Marekani, Pennsylvania. Huku Latrobe kuna abasia na chuo cha Saint Vincent, kilianzishwa 1846 na Boniface Wimmer, Wabenediktini hao hao. Yao ni kwamba mwaka 1859 mnovisi, yaani mtawa mwanafunzi, alianza kutokewa na mmonaki marehemu usiku, akasema yuko toharani miaka 77 kwa sababu aliacha kusoma misa saba alizotakiwa kusoma. Misa saba miaka 77, hiyo riba hata wa kausha damu hawafiki.

Frateri Mstaafu: Niliishi ndani miaka minne kabla sijaoa, ngoja niwasaidie. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto sura ya 8 inasema kipindi cha baridi wamonaki waamke saa ya nane ya usiku kusali, na hesabu ya Warumi ilikuwa kama yetu Waswahili, usiku unaanza jua likizama. Siku hizi watu wanaamka alfajiri, ila mzee aliyezoea au asiye na usingizi anaweza kujiendea zake kanisani mapema. Na sura ya 42 ndiyo inayowahusu nyie: baada ya sala ya kufunga siku hakuna kuongea mpaka asubuhi. Kwa hiyo mleta mada, uliyemsalimia akanyamaza alikuwa mtu hai kabisa, mmonaki anayeshika kanuni, na pengine alikucheka moyoni ulivyoingia kwenye kabichi zao.

Mleta mada: Aisee! Miaka yote hii nimemkimbia babu wa watu. Halafu ndio nimekaa nafikiria hapa. Mimi nilinyamaziwa. Jamaa yangu ndiye aliyeitikiwa, saa nane usiku, "milele amina", na anasema sauti ilitokea nyuma yake. Nimempigia simu sasa hivi hapokei, kumbe ni usiku, kalala. Sijui hata nimwambie au niache.