Tanga, Unguja au Mombasa: wapi nimpeleke mama akale chakula cha pwani?

Dodoma_Makulu
Habari za jioni wakuu. Nina safari ya wiki moja na lengo lake ni kula. Sitafuti fukwe wala picha. Mama yangu ni mtu wa Bukoba, tumeishi naye Dodoma miaka mingi, na siku zote anasema anataka kula chakula cha pwani kwa wenyewe, si hiki cha huku bara kinachoitwa cha pwani kwa kuwa kimetiwa nazi ya pakiti. Nimebaki na miji mitatu: Tanga, Unguja na Mombasa. Mke wangu anataka Unguja, mdogo wangu kashikilia Mombasa, mimi moyo uko Tanga. Keshokutwa natakiwa kulipia nauli. Naomba mnilinganishie kwa chakula tu.

BintiMkunazini
Unguja, wala usihangaike. Asubuhi mpeleke mama akanywe chai na vitumbua vya moto, mchana akale wali na samaki wa kupaka pale Lukmaan Mkunazini, unaonyesha kwa kidole unachokitaka unapakuliwa. Jioni urojo, usiku Forodhani. Huko kwengine utakula kimoja kizuri ukitafute cha pili. Hapa vyote utavifikia kwa miguu.

Mvita
Ndugu yangu Dodoma, salamu kutoka Mombasa. Kabla hatujaanza kuvutana, tuambie: mnasafiri lini? Mko wangapi? Mama ana umri gani, na kuna kitu hali? Mtu hawezi kukushauri mahali pa kula bila kujua mlaji.

Ngamiani12
Namuunga mkono Mvita. Na bajeti je? Mnakuja kwa gari lenu au basi?

Ila moyo wako umekuelekeza vizuri. Tanga ndiko chakula cha pwani kinakopikwa kwa ajili ya watu wa mji wenyewe, si kwa ajili ya mgeni. Njoo ule bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, ule mboga ya mchunga iliyopikwa na nazi ikiwa bado na uchungu wake, kisamvu kilichotwangwa kwenye kinu. Hivyo kwenye menyu ya hoteli ya kitalii huvioni. Unavipata kwa mama ntilie, kwenye benchi, kwa bei ambayo hutaamini ukitoka Dodoma. Na machungwa ya Muheza utayakuta barabarani kabla hujafika.

KirumbaMwaloni
Wakuu, mbona Mwanza haijatajwa? Mtu wa Bukoba amekua na sato. Mpelekeni akale sato aliyetoka ziwani asubuhi, kachemshwa na nyanya, kitunguu na ndimu tu, bila nazi inayoficha ladha ya samaki. Samaki mzuri hahitaji kufunikwa.

Ngamiani12
KirumbaMwaloni, mama amesema anataka chakula cha pwani. Sato amemla tangu utoto. Na nazi haifichi samaki. Tui likiwa zuri, samaki unamsikia wazi kabisa.

MtoriHalisi
Mimi ni wa Moshi na sina ugomvi na mtu. Ila mtu mzima akisafiri wiki nzima kwa nazi na pilipili, tumbo litadai kitu laini. Akirudi mpikieni mtori wa ndizi na nyama ya ng'ombe, apumzike.

Dodoma_Makulu
Asanteni. Majibu ya maswali: tuko wanne, mimi, mke, mdogo wangu na mama. Mama ana miaka 71, ana kisukari, na miguu inamsumbua kwenye ngazi. Samaki anakula, pweza hajawahi kuonja ila anataka. Bajeti ya chakula pekee ni laki nane kwa wiki. Tunatoka Dodoma kwa treni hadi Dar, kisha tutaona. Tunasafiri wiki ya kwanza ya Ramadhani, ndipo likizo yangu ilipoangukia.

BintiMkunazini
Ramadhani! Kaka, hilo ndilo ulitakiwa uanze nalo. Niliyokwambia ya chai na vitumbua asubuhi, yafute yote. Unguja mchana wa Ramadhani migahawa mingi ya mji imefungwa, na kula hadharani hakuruhusiwi. Hoteli za wageni zinahudumia ndani, lakini hicho si chakula alichokifuata mama.

Ila usikate tamaa, kwani usiku ndio utakula usichokipata miezi mengine. Futari yetu ni ndizi mbivu za nazi, magimbi, muhogo wa nazi na samaki, tambi, kunde, na uji wa pilipili manga wa kufungulia. Mji unachangamka baada ya tarawehe mpaka usiku mkubwa. Tatizo ni mama wa kisukari anayehitaji kula kwa saa zake.

Ngamiani12
Tanga nayo mama ntilie wengi hufunga mchana, sitakudanganya. Lakini utapata pa kula mjini bila shida, na nyumba ya kulala wageni ukiongea nao vizuri wanakupikia. Nunua samaki mwenyewe asubuhi, changu au tasi, mpe mpishi. Laki nane Tanga kwa watu wanne mtakula mpaka mbaki na chenji.

Mvita
Mombasa mchana wa Ramadhani mahoteli mengi ya mjini huwa wazi, ingawa Mji wa Kale wengi hufunga hadi magharibi. Tarboush pale Makadara ni pa kujaribu jioni. Kisha mpeleke mama pale Mama Ngina, kando ya bahari. Tangu pakarabatiwe mwaka 2019 pana mahali pazuri pa kukaa, mzee hapati taabu ya ngazi. Ale viazi karai vya moto kwa ukwaju, muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, anywe dafu. Asubuhi mkiwa ndani, mahamri na mbaazi za nazi. Kwa ajili ya sukari, mahamri apate moja na mbaazi ashibe.

Lakini mna hati za kusafiria? Kuvuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya mnahitaji pasi au hati ya dharura ya safari, na keshokutwa ni karibu sana.

Dodoma_Makulu
Pasi ninayo mimi peke yangu.

Mvita
Basi nenda uhamiaji kesho asubuhi, uulize. Hati ya dharura haihitaji mambo mengi.

MchumiaJuani
Niongeze jambo ambalo hakuna aliyeligusa: popote mtakapokwenda, kabla samaki hajaingia jikoni ulizeni bei na mmuone kwa macho.

Tulikwenda mji mmoja wa pwani, sitautaja, mimi, mume wangu na mama mkwe. Tukaingia mgahawa ulio mchangani kabisa, viti vya mbao, kijana mchangamfu. Akatuambia kuna changu wa leo asubuhi, "wa kwenu huyu, mama". Hatukuuliza uzito, hatukuuliza bei, kwa sababu kijana alikuwa na heshima na mama mkwe alikuwa na furaha. Tuliagiza kabla ya adhuhuri. Adhana ya alasiri ilitukuta bado tunakula kachumbari. Mama mkwe ni mtu wa kuvumilia, akawa anasema "wanapika kwa uangalifu".

Samaki alipokuja, juu alikuwa amepakwa rojo ya nazi nyekundu inayovutia. Nikachana kwa uma. Upande wa juu sawa. Karibu na mfupa nyama ilikuwa imeng'ang'ania, ina wekundu, na ukiinamia unapata ile harufu iliyokamuliwa ndimu nyingi ili isisikike. Jicho lilikuwa limezama ndani. Samaki wa asubuhi jicho lake halizami. Nilimwita kijana, akasema ndivyo anavyoliwa. Nikamwambia nimezaliwa Kilwa, nawajua samaki. Akaenda kumwita mwenyewe, mwenyewe hakuja.

Bili ikaja na kitu kinaitwa huduma ambacho hakikuandikwa popote, na samaki kahesabiwa kwa uzito ambao hatukuuona ukipimwa. Tulilipa, kwa sababu mama mkwe aliona aibu tukigombana mbele ya watu. Usiku huo aliumwa tumbo mpaka alfajiri, na safari yote iliyobaki hakutaka tena samaki, amekula chapati na chai. Mzee alitamani safari ile miaka, ikaharibiwa na sahani moja. Ndiyo maana nasema, kwa mzee mwenye kisukari, msiende mahali penye mandhari. Nendeni mahali penye foleni ya wenyeji.

KirumbaMwaloni
Pole sana dada. Jicho na mashavu. Fungua shavu, ndani pawe pekundu kama damu mbichi. Pakiwa kahawia au pana utelezi mzito, mrudishie. Hilo ni sawa kwa ziwa na kwa bahari.

BintiMkunazini
Pole dada. Na ndiyo maana Forodhani wenyeji husubiri mpaka waone kilichopo juu ya moto na kilichokaa pembeni tangu jana. Pweza na kamba wakiwa wamekauka na wamepakwa mafuta waonekane wang'avu, pita. Chukua mishikaki inayochomwa mbele yako, na juisi ya miwa inayokamuliwa hapo hapo na tangawizi na ndimu. Mama wa sukari juisi hiyo aiache.

Kwa urojo sina wasiwasi hata kidogo. Unauona ukitengenezwa: viazi, bajia, kachori, mishikaki, chipsi za muhogo juu, chatini ya nazi, halafu ule uji wa embe bichi na ndimu unaomiminwa moto. Uchachu wake ukikupata vizuri, unaomba wa pili.

Mvita
Urojo mzuri, nakubali. Lakini biriani hamtuwezi. Biriani ya Mombasa vitunguu vinakaangwa mpaka vinakauka vyenyewe, masala yanapikwa na maziwa lala, na mchele mrefu, punje moja haigusi nyingine. Huko Unguja nimekula biriani mara kadhaa, imekuwa ni pilau iliyotiwa rangi.

BintiMkunazini
Hapana, hilo silikubali. Ulikula wapi? Biriani ya harusini kwetu zafarani inalowekwa kwenye maziwa na rojo inapikwa peke yake. Hoteli za mjini zikifanya haraka, usiihukumu Unguja yote. Na pilau yetu, yenye karafuu, hiliki, mdalasini na pilipili manga nzima, haina haya mbele ya biriani ya mtu yeyote.

Mvita
Ya harusini sijabishana. Mgeni wa wiki moja haalikwi harusini, tena Ramadhani. Nasema kile anachoweza kununua.

MtoriHalisi
Mchele mrefu wa nje haunivutii. Mchele wa Kyela ukiupika, jirani anajua.

Mvita
Kwa wali wa nazi, sawa kabisa. Kwa biriani utashikana.

Ngamiani12
Hapo kwenye wali wa nazi ndipo nataka tusimame, kwa sababu ndicho mama atakachokula kila siku. Ukifika mahali popote, onja wali mweupe kwanza kabla hujaagiza kitu kingine. Anayekuna nazi mwenyewe utamjua. Tui la pili, lile jepesi, ndilo linaloanza kuivisha mchele, tui la kwanza linaingia mwishoni maji yakikaribia kukauka, na makaa yanawekwa juu ya mfuniko. Wali unakuwa na utando mwembamba chini wenye rangi ya dhahabu. Anayepika kwa nazi ya pakiti hutia yote mara moja, wali unatoa mafuta na kukinaisha. Mama akionja wali wa namna ile ya kwanza atajua kwa nini alitaka kuja pwani.

MchumiaJuani
Umesema kweli tupu. Na kwa mwenye kisukari wali uwe kidogo. Aulize mkate wa mofa wa unga wa mtama, unaobandikwa kwenye tanuri, ale na samaki wa kukaanga. Ila daktari wake ndiye wa kusema kiasi.

Dodoma_Makulu
Nashukuru sana, nimewasomea wote hapa nyumbani. Mama amecheka aliposikia habari ya sato. Mke wangu baada ya kusoma habari ya futari ndio kazidi kung'ang'ania Unguja, anasema mama atakula chumbani mchana na usiku tutatoka. Mdogo wangu anasema kesho atakwenda uhamiaji. Mimi naona boti, muda wa saa mbili baharini, itamchosha mama baada ya treni, na Tanga kutoka Dar ni basi refu vilevile. Bado hatujakubaliana.

BintiMkunazini
Boti ya asubuhi bahari huwa imetulia kuliko ya jioni. Mkae sehemu ya chini katikati.

Ngamiani12
Kama mna mtu wa gari, msipite Dar kabisa. Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, mnaingia Tanga, mama analala njiani akichoka.

MtoriHalisi
Ngamiani12, samahani naingilia. Hiyo mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia, huku Moshi sokoni nimetafuta naona vichujio vya plastiki tu. Mke wangu ameusoma uzi huu anataka kujaribu wali wa matui mawili.

Ngamiani12
Kifumbu cha ukili kinapatikana soko la Mgandini hapa Tanga. Mbuzi angalia meno yake, yawe makali na yamepigwa kwa chuma kizito, zile nyepesi zinapinda kwa nazi mbili. Nikipata basi la kuaminika nakutumia. Usichuje kwa kitambaa kwa sasa, kinakunywa tui. Chuja kwa chujio la chai, ukamue kwa mkono.

KirumbaMwaloni
Ukituma Moshi na mimi nitumie Mwanza, nitalipia. Nataka nimpikie sato kwa nazi nione.