Uchoraji kwa nta ya moto: nianzie wapi hapa Moshi?

Muulizaji, Moshi: Habari zenu, wanajukwaa. Nimezoea rangi za mafuta, lakini tangu nilipoiona picha ya nta huko Arusha, sina hamu ya kitu kingine. Je, nta ya nyuki ya kawaida inafaa, na turubai nililonalo litanisaidia?

Mwalimu wa sanaa, Arusha: Karibu sana, ndugu yangu. Nta ya nyuki inafaa mradi uichuje vizuri. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, nasi huichanganya na utomvu mkavu wa mti, uitwao damari, ili ikipoa iwe ngumu zaidi. Turubai liweke kando, kwa kuwa hunepa na nta hupasuka, tafuta ubao. Kila tabaka jipya lazima lipashwe moto hadi lishikamane na lililo chini yake, na hapo ndipo wanafunzi wangu huacha mazungumzo yote, maana uso wa picha hung'aa ghafla kana kwamba umelowa, kisha hufifia nta inapoganda. Mimi mwenyewe sijachoka kulitazama jambo hilo. Picha nyingi za wafu za Fayum, Misri, zilichorwa kwa nta karne za mwanzo baada ya Kristo, na rangi zake bado zipo.

Mchangiaji mwingine: Naomba kuongeza: usiyeyushe nta juu ya jiko la mkaa, kwani ikizidi joto hutoa moshi mkali na huweza kushika moto. Fungua madirisha.

Muulizaji: Nashukuruni. Jua la Februari je, halitaiyeyusha picha iliyokamilika?

Mwalimu wa sanaa: Ukutani, kivulini, haina shida; usiiache tu ndani ya gari lililoegeshwa juani.