MREJESHO: Paka wangu aliyelamba asali

Wakuu, juzi niliwauliza kama asali ina madhara kwa paka, baada ya kumkuta wangu akilamba kijiko nilichokisahau mezani. Asanteni, hata wewe uliyeniambia nimfukuze.

Nimemwona daktari wa mifugo. Asali si sumu kwa paka, akilamba kidogo hadhuriki. Ila haimsaidii chochote. Ni sukari tu, ikizidi itamharisha, na akiizoea atanenepa. Mwenye kisukari asipewe, na kitoto cha paka ndiyo kabisa, kwa sababu ya bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari unaopooza misuli) wanaoweza kuwemo.

Kilichoniacha hoi: paka hasikii utamu wa sukari! Jeni inayohusika na ladha hiyo kwao haifanyi kazi. Sasa alifuata nini? Nikakumbuka kijiko kilekile ndicho nilichopakia siagi kwenye mkate. Mwizi alifuata mafuta, asali ikamnasa tu.

Manyoya ya kidevu yalikuwa yameshikana, nikamfuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, akaniparura mara mbili mkononi. Hajatapika, hajaharisha, na jana kamaliza dagaa wake wote. Siagi nimeihamishia kabatini.