Picha ya yule binti wa Bloki C ifutwe leo

Naandika hapa kwa sababu kule kwenye kundi la WhatsApp la mtaa nimetolewa. Alhamisi usiku niliuliza ni lini yule binti ataombwa radhi mbele ya watu wale wale waliomwita mwizi, na kabla sijapata jibu nikaona ule mstari mdogo wa kijivu: umeondolewa. Haya. Nitayasemea hapa. Najua wengi wenu wa kule hupita huku kusoma, basi someni.

Kwanza mjue sina chuki na lile kundi. Nilikuwemo tangu siku ya kwanza. Tulilifungua Januari 2017, mgao wa maji ulipoanza Nairobi baada ya bwawa la Ndakaini kushuka. Huku kwetu Eastlands maji yalikuwa yakija usiku wa manane, na si kila usiku. Aliyesikia bomba likikoroma aliandika neno moja tu, "Maji!", na ndani ya dakika mbili ungesikia milango ikifunguka ngazi zote, watu na mitungi, watu na dramu, mwingine na sufuria ya kupikia maharagwe kwa kukosa chombo kingine. Tulikuwa watu 31. Hakuna aliyetuma ua la asubuhi wala video. Tulipeana habari ya maji, ya stima ikipotea, ya keateka akichelewa kufungua geti, tukalala.

Baba yangu alipofariki 2021, kundi hilo hilo lilinichangia shilingi 84,500 kwa siku mbili. Kuna waliotuma mia moja, na najua ile mia ilitoka wapi. Mvua za Aprili 2024 ziliponyesha mpaka barabara zikageuka mito, kundi ndilo lililotuambia wapi maji yamefika kiunoni na wapi pa kuzungukia. Na tarehe 25 Juni mwaka huo, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, mwanangu alikwama mjini simu ikiwa karibu kuzima. Mtu wa Bloki A ambaye sijawahi hata kunywa chai kwake alimfuata kwa pikipiki akamleta mpaka mlangoni. Niliandika kundini nikishukuru huku nalia.

Kwa hiyo msiniambie "kama hupendi, ondoka". Napenda. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Jumanne, saa moja na dakika kumi za jioni. Mama mmoja wa Bloki C anaweka picha. Binti aliyekuwa akimfanyia kazi za nyumbani amesimama mlangoni, ana kandambili, kashika begi la mgongoni ambalo zipu yake imekufa. Anaonekana ameitwa ghafla akageuka, na uso wake bado haujajua kwamba unapigwa picha. Chini yake, maandishi ya herufi kubwa: MWIZI HUYU, MSIMWAJIRI, AMENIIBIA SIMU. Halafu picha mbili zaidi. Kitambulisho chake, mbele na nyuma.

Naomba kila mtu achukue kitambulisho chake sasa hivi akiangalie. Jina lako lote. Namba. Tarehe uliyozaliwa. Geuza: wilaya, tarafa, lokesheni, lokesheni ndogo, na alama ya kidole chako. Namba hiyo ndiyo uliyosajilia laini ya simu na M-Pesa. Hayo yote yaliwekwa mbele ya watu mia tatu na zaidi, kwa sababu simu haionekani. Hakuna aliyeuliza kama kituo cha polisi kimepewa taarifa. Hakuna aliyeuliza binti mwenyewe anasemaje.

Majibu yalianza kabla dakika haijaisha. Hawa wasichana wa siku hizi. Mimi wangu alinimalizia sukari. Atafutwe mpaka kwao, si lokesheni iko hapo? Mwanamume mmoja akaandika "tairi iko", akaweka na moto. Mnajua katika jiji hili tairi maana yake nini. Sote tumewahi kupita mahali asubuhi tukakuta lami imeungua, na mama mboga aliye karibu hataki kuzungumza. Huyo aliyeandika hivyo hututumia aya ya Biblia kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na watu kumi na saba walimwekea kidole cha kukubali. Nilihesabu.

Saa tatu usiku nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Hakujua pengine pa kugonga. Mimi humsalimia tukikutana kwa mama mboga, basi. Ana miaka kumi na tisa. Alikuwa hajala tangu chai ya asubuhi. Nilimpa ugali na sukuma, akala akiwa ameelekea ukutani, na kila simu yangu ilipolia alisimamisha tonge. Alikuwa anajua kila mlio ni nini.

Mshahara wake wa mwezi mzima ulikuwa umezuiwa "ufidie simu". Mshahara wenyewe ni 9,000. Tangu Novemba 2024 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi ni shilingi 16,113 na senti zake kwa mwezi, kabla hata hujaongeza posho ya nyumba. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema hata ukimfukuza mtu papo hapo kwa kosa, siku alizofanya kazi unamlipa. Nilimwambia hayo akaniangalia kama namsomea habari za nchi nyingine.

Jumatano mchana picha ilinirudia kutoka kwenye kundi la wazazi wa shule, ikiwa na ile mishale miwili. Asiyejua mishale miwili ni nini: ni alama ya WhatsApp kwamba ujumbe umetoka mkono kwenda mkono mara tano au zaidi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wenye alama hiyo unauelekeza mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, haupeleki makundi matano kwa mpigo. Maana yake kila aliyeutuma alikaa akachagua mahali pa kuupeleka. Kidole hakikuteleza. Jioni hiyo kaka yake binti alipiga simu kutoka nyumbani, Magharibi. Mama yao alikuwa ameonyeshwa picha na jirani kisimani.

Alhamisi simu ikapatikana. Ilikuwa kwenye begi la shule la mtoto, katikati ya vitabu. Mtoto alikuwa ameificha acheze gemu kwenye basi. Na ujumbe ulioletwa kundini nitaunukuu wote, hauna urefu: "Imepatikana jamani, Mungu ni mwema." Mikono miwili ya kuomba. Watu wakajibu Amina. Amina kumi na moja. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa mtu anayetafuta namba ya fundi wa jiko la gesi.

Hivyo tu. Siku mbili za kumwita mwizi, maneno matano ya kumaliza, na jina lake halimo hata katika hayo matano. Hapo ndipo nilipouliza swali langu, na hapo ndipo nilipotolewa.

Sasa nyinyi maadmini. Mko watatu, nawajua wote, na mmoja wenu nilimshikia mtoto wake wakati mama mtoto alipolazwa. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kundini ukatoweka kwa wote. Unabonyeza, unashikilia, unafuta. Kazi ya sekunde tatu. Jumanne saa moja na robo mngekuwa mmemaliza, kabla haijatoka nje ya mtaa. Mlikuwa hewani, mmoja wenu alijibu "pole sana mama". Mlipopata kidole cha kufuta kitu, mlinifuta mimi.

Msiseme hamkujua. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, hata mfanyakazi wako. Ibara ya 50 inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inazungumzia mahakama, haizungumzii watu wenye hasira na bando. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu Novemba 2019. Ofisi ya Kamishna wa Data iko hapa hapa jijini, malalamiko unayapeleka bila kulipa, na sheria inaipa siku 90 kuyamaliza. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, na baa moja ya hapa Nairobi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake bila kumuuliza. Mteja aliyekuwa akistarehe! Sembuse kitambulisho cha mtu chenye neno MWIZI juu yake.

Kuna aliyenijia pembeni akaniambia kundi ni kama nyumbani, sheria haiingii. Sheria inaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake kweli kweli, hilo najua. Watu zaidi ya mia tatu ambao nusu yao hawajuani majina, mawakala wa nyumba, wauza maziwa, wapangaji waliohama 2019 wakasahau kutoka, hiyo ni nyumbani kwa nani?

Na mwingine atasema wezi wapo. Wapo. Mimi 2022 niliibiwa mtungi wa gesi, kilo kumi na tatu, ukiwa umejazwa jana yake. Nilimshuku mtu, tena nilimshuku sana. Nikaenda kituoni, nikaandikisha, nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Mtungi haukurudi. Lakini yule niliyemshuku mpaka leo tunasalimiana, na miezi kadhaa baadaye nilijua kwamba hakuwa yeye. Ningeweka picha yake siku ile, leo ningekuwa namtazama vipi?

Tena siyo hili tu. Kila tarehe kumi wakala wa nyumba anabandika orodha ya wanaodaiwa kodi, namba ya nyumba na kiasi, na watoto wanaoshika simu za wazazi wao wanaenda kutajiana shuleni. Mtu akitoa mchango wa msiba, ujumbe wake wa M-Pesa unawekwa mzima, jina na namba, na aliyetoa hamsini anachekwa. Kuna ile habari ya gari jeupe linaloteka watoto, inarudi kila likizo ya Agosti, haina siku wala mahali, na kila inaporudi kuna dereva wa gari jeupe asiye na kosa anayezingirwa. Sitayafuata yote leo. Leo ni la binti.

Nataka mambo haya yafanyike, na nitayasema hadi nichoke. Mama wa Bloki C aandike kundini, kwa jina la binti, kwamba hakuiba. Ayaandike kwa herufi kubwa kama alivyoandika mwanzo. Mshahara wake 9,000 utumwe leo, na uliobaki wa kisheria tutauzungumzia kwa ofisi ya leba. Maadmini wafute zile picha tatu kwa wote, kisha wawaombe watu wafute kwenye simu zao, maana zile zilizojihifadhi zenyewe kwenye galari admini hazifikii. Yule wa tairi ajitokeze. Na kila aliyeituma kwenye kundi lingine, la kanisa, la chama, la wazazi, arudi kule kule alikoipeleka aseme haikuwa kweli. Uliipeleka kwa mkono wako, irudishe kwa mkono wako.

Malalamiko ya Kamishna nimeshayaandika. Binti mwenyewe ndiye atakayeyatia sahihi, na anaogopa. Nimemwambia tutaenda wote.

Nyongeza, Jumapili jioni:

Wanaouliza yuko wapi, yuko kwa shangazi yake, na sitasema mtaa. Jana alikuwa aanze kazi South B, nyumba ya mtu niliyemtafutia mimi, mama mpole tu wa makamo. Nauli nilimpa Ijumaa. Saa kumi na mbili asubuhi, amekwisha kuoga na kuvaa, akapigiwa simu kwamba asije. Akauliza, "Shikamoo mama, nimekosa nini?" Hakujibiwa. Baada ya dakika moja alitumiwa picha. Yeye mlangoni, begi mkononi, na mishale miwili juu yake.