Filta ya programu ya wachangiaji inaniletea hata waliochanga mwaka huu, nimekosea wapi?

BintiLangoni, Lamu

Asalaam aleikum. Naomba msaada, na mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo.

Mie ni katibu wa kikundi cha boti ya wagonjwa. Boti yetu huwachukua waja wazito na wagonjwa wa dharura kutoka Faza na Kizingitini kuwaleta Lamu mjini, usiku au mchana, ilimradi maji ya mkondo wa Mkanda yanapitika. Mafuta, matengenezo ya mashine na posho ya nahodha, vyote ni michango ya watu. Wachangiaji wamepita 400: wa hapa Langoni na Mkomani, wa Mombasa, ndugu zetu walioko Oman na Dubai, na wageni waliowahi kukaa Shela wakarudi kwao Ujerumani na Uingereza. Zamani tuliwaweka kwenye Excel, sasa tuna programu ya wachangiaji.

Wiki iliyopita nilitaka kuwapata waliochanga 2024 ambao 2025 bado hawajachanga. Nikaweka masharti mawili: tarehe ya mchango ni ya 2024, na tarehe ya mchango si ya 2025. Yakatoka majina 63. Nikawaandikia, "Mwaka jana mlitushika mkono, mwaka huu hatujawaona," nikatuma.

Kesho yake baada ya alasiri akaja mzee mmoja, fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Hakupandisha sauti. Alikaa barazani, akavaa miwani, akatoa simu yake ya vidude vya kubonyeza, akaanza kunifungulia ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Januari 500. Februari 500. Machi 500. Kila mmoja ananisomea tarehe kwa sauti, kidole chake kikiwa chini ya mstari. Alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, hizi zilikwenda wapi?"

Sikulala. Mji wetu ni mdogo, na mtu akisema sadaka yake haikuonekana, hilo neno hulirudishi tena.

Michango yake yote imo kwenye programu, nimeiona kwa macho yangu. Basi kwa nini filta imemweka kwenye orodha ya wasiochanga? Na nifanyeje isitokee tena?

Fundi_wa_Malindi

Waaleikum salaam dada. Pole, na mpe pole mzee. Michango umeiingiza sawa, shida ni namna swali lilivyoulizwa.

Filta ya namna hiyo haimtazami mtu, inatazama mchango mmoja mmoja. Tuseme mzee ana mistari 15: 12 ya 2024 na 3 ya 2025. Programu inafika kwenye mstari wa kwanza, wa Januari 2024. Ni wa 2024? Ndiyo. Si wa 2025? Ndiyo, si wa 2025. Basi mzee amepita masharti yote mawili kwa mstari huo mmoja, na programu haina haja ya kuendelea hadi ile 3 ya mwaka huu. Sharti lako la pili halikumtoa mtu hata mmoja. Ulichopewa ni orodha ya wote waliochanga 2024, basi.

Unachotaka wewe ni sharti juu ya mtu: asiwe na mchango wowote wa 2025. Njia ya uhakika ni makundi mawili. La kwanza, kila aliyechanga 2024. La pili, kila aliyechanga 2025. Halafu unalitoa la pili ndani ya la kwanza. Mie natumia CiviCRM, nayo ni programu ya kuweka kumbukumbu za wachangiaji, na humo wakati wa kutuma barua pepe kwa wengi kuna sehemu ya makundi ya kuingizwa na sehemu ya makundi ya kuondolewa, hata hesabu huhitaji kufanya. Humo pia kuna ripoti iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, inaitwa LYBUNT, yaani waliotoa mwaka jana na mwaka huu bado. Itafute kwenye programu yenu, nyingi zinayo.

Jingine: hakikisha hayo makundi ni yale yanayojisasisha yenyewe. Ukilihifadhi kundi la 2025 leo kama orodha iliyoganda, atakayechanga kesho hatakuwemo, na utamtumia ujumbe uleule.

Na kabla ya kutuma, fungua majina 10 yoyote, mmoja mmoja, utazame historia yao. Ni dakika 5. Mie situmi bila hivyo hata nikiwa na haraka gani.

MamaWaVitabu

Fundi amesema kweli, lakini nakuongezea, mwanangu, maana kazi hii nimeifanya miaka na makundi mawili pekee hayatakutosha.

Tazama namba za simu. Mtu huyohuyo yuko kama 07 kwa sababu ulimwandika kwa mkono, yuko kama 2547 kwa sababu umemtoa kwenye taarifa ya M-Pesa, na Excel nayo imemla sifuri ya mwanzo akabaki 7. Kwa programu hao ni watu watatu. Wa kwanza alichanga 2024, wa pili kachanga 2025, na filta yako hata ikiwa safi itamweka yule wa kwanza kwenye orodha ya wasiochanga. Majina ndiyo usiyategemee kabisa: Athman, Othman na Uthman wanaweza kuwa mzee mmoja. Chagua umbo moja la namba, mie natumia la +254, zibadilishe zote, ndipo uunganishe waliojirudia.

Pia kuna wanaotuma kwa simu ya mke au ya mtoto. Mchango uandike kwa mwenye nia, na aliyetuma umtaje pembeni.

Ramadhani je? Ukichuja "waliochanga Machi" utakosea, kwa kuwa mwezi unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Weka lebo ya Ramadhani kwenye mchango wenyewe. Na zaka iwe na aina yake, isichanganywe na sadaka, kwani zaka ina watu wake maalumu na utaulizwa.

La mwisho, ambalo kwangu ni la kwanza: marehemu. Weka alama siku ileile unaposikia msiba. Nimewahi kumuona mjane akipokea ujumbe wa "hatujakuona" ulioandikwa jina la mumewe. Walioomba wasiandikiwe nao waheshimu, ni haki yao chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019.

BintiLangoni, Lamu

Allah awalipe kheri nyote. Shikamoo Mama.

Nimefanya makundi mawili nikatoa la pili: 63 wakawa 34. Nikasawazisha namba, wakawa 27. Watu 36 niliwaandikia maneno wasiyostahili. Nimeanza kuwapigia simu, leo nimefika wa 19. Matondoni nilikwenda mwenyewe asubuhi na karatasi yenye michango yote ya mzee, 2024 na 2025, nikamsomea kama alivyonisomea yeye. Aliikunja akaitia mfukoni.

Amebaki mmoja ananitatiza. Yumo kwenye wale 27, lakini mwaka huu alitupa lita 40 za petroli, akazileta mwenyewe gatini. Pesa hakutuma. Programu haimjui.

MamaWaVitabu

Marahaba. Petroli ni mchango. Fungua aina mpya, iite "vitu", andika lita 40, tarehe, na bei yake ya siku ile, lakini isihesabiwe kwenye pesa zilizoingia benki. Kisha kwenye kundi lako la 2025 ruhusu aina zote, si pesa tu. Atatoka mwenyewe kwenye orodha.