Nimesomwa ulimi Guangzhou, naambiwa kinga ya mwili inanishambulia. Nianze mitishamba au nipime kwanza?

BintiMakorora
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Guangzhou kufuata mzigo wa mikoba, narudi Dar baada ya siku 12. Huu mwezi wa tano sasa vidole vinakaza asubuhi, hata kifungo cha blauzi ni kazi kukifunga. Mdomo mkavu, mkate bila chai haushuki. Macho yanakereketa kama yameingia mchanga.

Dada ninayelala naye chumba kimoja hapa Xiaobei akanipeleka kwa daktari wa tiba za Kichina, mzee wa makamo. Akanisogeza dirishani, akaniambia nitoe ulimi. Akautazama kidogo, nikaurudisha, nikautoa tena. Kisha akashika mapigo mikono yote miwili. Mkalimani akasema ulimi mwekundu, umepasuka katikati, hauna utando, kwa hiyo yin, yaani ule ubaridi na unyevu wa mwili wanaousema wao, imepungua na kinga ya mwili inanishambulia mwenyewe. Nimeandikiwa mitishamba ya kuchemsha miezi mitatu, bei si ya mchezo. Sijalipa. Hivi ulimi unaweza kuonyesha ugonjwa wa namna hiyo?

MchuuziIlala
Lipa uanze dada. Hawahawa ndio waliotupa dawa mseto ya malaria. Na shangazi yangu alisomwa ulimi hivyohivyo, tumbo lake leo zima.

FundiMaabara
Mkuu, artemisinini iliyomo kwenye hiyo dawa mseto ilitoka kwenye mmea wa Kichina, sibishi, na mtafiti wake Tu Youyou akapata Nobel 2015. Lakini ilichujwa, ikajaribiwa kwa wanyama, ndipo ikaja kwa watu. Tena malaria yenyewe hatuitafuti kwenye ulimi, tunatoboa kidole.

BintiMakorora, kabla sijaendelea: asubuhi ile ulikula nini?

BintiMakorora
Jamani aibu. Njiani nilikuwa namung'unya ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu. Nimekuja nao mfuko mzima.

FundiMaabara
Nimecheka peke yangu hapa. Basi wekundu tuutoe kwenye hesabu. Hata wao wanafundishwa kujihadhari na ulimi uliopakwa rangi na chakula, ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile vya rangi wala asikwangue ulimi kabla ya kwenda. Na mipasuko wapo wazima wengi tu wanayo.

MwanaWuhan
Nimesomea udaktari huku, somo la tiba ya Kichina tulipitishwa. Wao wanaugawa ulimi: ncha ni moyo, pembeni ini, katikati wengu na tumbo, shina figo. Hiyo "yin imepungua" ni hali, si jina la ugonjwa. Mama aliyekoma hedhi anaweza kuambiwa hivyo, mwenye kifua kikuu anaweza, na mwanafunzi anayekesha pia. Toka hapo mpaka "kinga inakushambulia" kuna mtu karuka mtaro, sijui ni mzee au mkalimani.

Lakini msiudharau ulimi. Hospitali nasi tunautazama. Ukiwa laini unang'aa, tunawaza upungufu wa vitamini B12 au madini ya chuma, na B12 wakati mwingine hupungua kwa sababu kinga imeshambulia seli za tumbo. Ukivimba, tunakumbuka tezi ya shingo. Hayo yanatufanya tuagize kipimo, hayatoi jibu.

Kwako mimi ulimi haujanishtua. Kilichonishtua ni mkate usioshuka, mchanga machoni na vidole vinavyokaza, vyote kwa mtu mmoja. Hivyo vitatu vinanipeleka kwenye ugonjwa wa Sjögren: kinga inashambulia tezi za mate na machozi. Kuna kikaratasi kinapachikwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Kikilowa milimita 5 au chini ya hapo, jicho kavu kweli. Damu wapime kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe: ANA, anti-Ro ya Sjögren na anti-CCP ya baridi yabisi, na mkojo usisahaulike. ANA ikiwa chanya peke yake usilie, kuna wazima kibao wanayo.

Nenda hospitali kubwa na pasipoti, chukua namba ya kumwona daktari wa idara ya baridi yabisi na kinga, waonyeshe maandishi haya kwenye simu: 风湿免疫科. Halafu tuma picha ya ile karatasi ya mitishamba.

BintiMakorora
*[picha]* Sielewi hata herufi moja.

MwanaWuhan
Mstari wa tatu, 雷公藤, wanaita lei gong teng. Si maji ya kunawa hiyo. Baridi yabisi inaituliza kweli, lakini inaweza kukata hedhi, kuumiza ini, na kwa wanaume kuharibu mbegu. Mzee alikuuliza kama unatafuta mtoto?

BintiMakorora
Hapana. Nimeolewa mwaka jana.

MchuuziIlala
Basi naondoa neno langu la kulipa.

BintiMakorora
Mrejesho wakuu. Nimepima leo. Kikaratasi jicho la kulia kimelowa milimita 3, la kushoto 4. Damu majibu Alhamisi, naondoka Jumamosi.

FundiMaabara
Kachukue karatasi zenyewe zenye mhuri, usiridhike na picha za kwenye simu. Tafuta wa kukutafsiria hukohuko, maana Dar utampa nani Kichina?

BintiMakorora
Sawa kaka. Na ubuyu niache?

MwanaWuhan
Uchachu unaita mate, kwa hiyo si adui. Ila sukari yake ndiyo mbaya, meno yakikosa mate yanaoza upesi. Punje mbili, kisha sukutua maji. Na siku ya kuonyesha ulimi, uache nyumbani.