Naomba ushauri: kalenda ya ukutani ya kuchangia watoto yatima, nakala 300

Wapendwa, habari za majukumu.

Kikundi chetu hapa Mbeya kinaandaa kalenda ya picha za nyanda za juu: Ziwa Ngosi, kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu, maua ya Kitulo, nguzo za Isimila. Ukubwa ni A3 ya kusimama, picha nusu ya juu, tarehe chini, waya wa spiro.

Nusu hiyo ni A4 ya kulala, hivyo kila picha inahitaji piseli 3508 kwa 2480 (nukta 300 kwa inchi). Nyingi zilizokuja kwa WhatsApp zilikuwa zimebanwa, zikichapwa zinatoka na ukungu. Tumeomba zitumwe upya kama dokumenti au kwa flashi. Tumeacha milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Idd tumeandika "kutegemea mwandamo wa mwezi". Picha za watoto hazitaingia mpaka walezi wasaini.

Tulipokwama ni hapa. Ofseti (uchapaji wa pleti, yaani mabamba yanayobeba picha, moja kwa kila wino) hutaka pleti 4 kwa kila ukurasa wa rangi: kurasa 13 (miezi 12 na jalada) ni pleti 52, kurasa 7 (miezi miwili miwili na jalada) ni 28, na gharama ya pleti haipungui hata nakala zikiwa chache. Kwa nakala 300, twende dijitali (kuchapa moja kwa moja kutoka kompyuta, bila pleti), au ofseti ya kurasa 7?

La pili: kalenda ikivuka Januari haina mnunuzi. Mliowahi kuuza, mlichukua malipo ya awali kwanza, au mliuza nafasi za matangazo kwa wenye maduka ili uchapaji ulipwe kabla?

Natanguliza shukrani.